Mficha Maradhi na Sheria Inayomtisha Afichuaye

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii ilitumiwa mno nchini Kenya baada ya UKIMWI kutangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Wananchi walihimizwa wapimwe, wajue hali zao na waanze kutumia dawa mapema. La kusikitisha ni kwamba sheria za nchi iyo hiyo zilimtegea mtego yule aliyeitikia wito huo.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 kinamlenga mtu anayejua kuwa ana virusi vya UKIMWI, kisha akatenda jambo linaloweza kumwambukiza mwingine. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 15, na yaweza kuwa kifungo cha maisha. Msingi wa kosa hili ni ujuzi. Asiyewahi kupimwa hashtakiki, hata akiwaambukiza watu kumi. Hivyo basi, ujinga umegeuzwa ngao na ujuzi ukawa pingu.

Je, ni nani hutangulia kujua? Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, iwe ni Kayole, Dandora, Mathare au Majengo, mara nyingi ni mama mjamzito. Yeye hupimwa anapohudhuria kliniki ili mtoto wake akingwe. Mumewe huenda hajakanyaga kituo chochote cha afya. Mama huyo anarudi kwenye chumba kimoja, katika ploti ambamo majirani huchangia mfereji na choo, na ambamo siri haina pa kulala. Akisema, huenda akapigwa au akafukuzwa pamoja na watoto. Akinyamaza, sheria inaweza kumwona mhalifu, ingawa huenda ni mumewe aliyemletea virusi hivyo nyumbani. Ndoa haimkingi, kwa kuwa kifungu chenyewe kinasema bayana kwamba kosa ni kosa hata baina ya mume na mke.

Aidha, lugha ya kifungu hiki inastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa lugha. Kinaanza kwa kudai kwamba kitendo kiwe cha makusudi na cha kujua, kisha kinamjumuisha mtu ambaye alipaswa kujua. Anayejua na aliyepaswa kujua si mtu mmoja. Isitoshe, kinataja kutenda jambo lolote, wala hakidai kwamba maambukizi yawe yametokea; inatosha kwamba yangeweza kutokea. Upana huo unaweza kumkumba hata mama anayenyonyesha.

Udhaifu wa namna hii uliwahi kutambuliwa mahakamani. Mnamo Machi 2015, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 24 cha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka wa 2006, kilichomlazimu mwenye virusi kumfahamisha mapema mtu anayeshiriki naye ngono. Majaji walisema maneno yake hayakuwa wazi na kwamba yalikiuka haki ya faragha. Hata hivyo, mwaka wa 2022 Mahakama Kuu ililikataa ombi la kukibatilisha kifungu cha 26.

Wapo watakaouliza: je, mwenye nia mbovu aachwe atambe? Hasha! Mbakaji ana adhabu yake katika sheria iyo hiyo, na Kanuni ya Adhabu tangu zamani humwadhibu amdhuruye mwenzake kwa kusudi. Mwanamke aliyedanganywa na kuambukizwa ana haki ya kusikilizwa. Lakini haki yake haihitaji wavu unaowanasa wote waliopimwa. Fauka ya hayo, sayansi imebainisha kwamba mtu anayetumia dawa ipasavyo hadi virusi vikawa haviwezi kugunduliwa katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Sheria ya 2006 haikumtambua mtu huyo.

Majengo, Pumwani, una somo lake. Tangu miaka ya 1980, wanawake wa mtaa huo waliokuwa wakiuza miili yao walikubali kuchunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada. Kutokana nao ilijulikana kwamba wachache hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi kwa miaka mingi, na ujuzi huo ukawasaidia watafiti wa chanjo kote duniani. Wanawake hao walijitokeza kwa sababu waliaminiwa. Lau kujua kungekuwa njia ya kwenda gerezani, ni wangapi wangejitokeza?

Bunge halina budi kukiondoa kifungu cha 26, na kesi za nia mbovu iliyothibitishwa ziachiwe sheria za kawaida. Wataalamu wa Kiswahili nao wana deni. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali sheria hizi ziliandikwa kwa Kiingereza na huwafikia wakazi wa Eastlands kama uvumi tu. Zifasiriwe kwa maneno yasiyomwita kila mwenye virusi mwenezaji. Methali inamtaka mgonjwa ajifichue. Haiwezekani sheria imngojee kizingitini akishafanya hivyo.