Acheni Kuniambia "Si Wewe ni Mkenya"

Leo sina vichekesho.

Juzi niliweka video ya ile triathloni ya porini niliyoshiriki Afrika Kusini mwaka jana. Komenti zikaja, na karibu zote zinasema kitu kimoja: "Si wewe ni Mkenya, hao uliwamaliza tu kwa mbio." Najua wengi mlikuwa mnanipa moyo. Asanteni. Lakini manze, hayo maneno yamenichosha, na leo nawaambia mbona ni uongo, tena uongo unaotugharimu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli, halafu kukimbia, bila kupumzika katikati. Hii ya porini haina lami. Ni mawe, matope, mizizi ya miti na vijia vyembamba ambavyo hata ng'ombe wawili hawapishani. Mashindano yake maarufu zaidi, XTERRA, yalianzia Maui, Hawaii, mwaka 1996. Umbali wake kamili ni kama kilomita 1.5 majini, 30 kwa baiskeli ya mlimani na 10 kwa miguu.

Sasa angalia mpangilio. Maji kwanza. Baiskeli pili. Mbio mwisho. Ile kitu tunajigamba nayo inakuja wakati wenzako wamekuacha zamani.

Ndivyo ilivyonitendekea. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 20, kwenye bwawa la hoteli moja huku Nairobi, kiingilio shilingi 300, Jumapili tu kwa sababu siku zingine sikuwa na hiyo doo. Kule tuliogelea kwenye bwawa kubwa la maji baridi, na kulikuwa na mtu wa uokoaji kwenye mtumbwi aliyenifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuwa ananishangilia. Alikuwa anangoja nizame. Nilimaliza kwa dakika 47. Walioongoza walitumia kama 20.

Baiskeli nilikuwa nimeazimwa na rafiki, breki ya nyuma inafanya kazi ikipenda. Kwenye mteremko wa kwanza wa mawe nilishuka nikaisukuma. Mvulana wa shule, nadhani hajafika miaka 16, alinipita akaniuliza kwa adabu kama niko sawa. Niko sawa wapi, buda? Nilikuwa nalia.

Halafu nikafika kwenye mbio. Nikapita watu 31. Ndiyo hiyo sehemu mliiona kwenye video, kwa sababu ndiyo pekee niliyoweka. Kosa langu hilo, nakubali. Ile sikuwaonyesha ni hii: nilipokuwa nafunga kamba za viatu, mshindi alikuwa amemaliza, ameoga, na ameshika sahani ya chakula. Hata ungemleta Kipchoge achukue hizo kilomita 10 kwa niaba yangu, angekimbiza nani? Mtu anayekula?

Kwa hivyo mkisema "si wewe ni Mkenya", mnanisifu kwa theluthi ya mwisho ya shindano nililokuwa nimeshapoteza.

Na hapa ndipo najua mtanikasirikia. Siwadharau wakimbiaji wetu. Wale watu wanaamka saa kumi na moja alfajiri kule Iten na kazi yao naiheshimu. Lakini tujiulize ukweli: kukimbia ni mojawapo ya michezo michache ambayo mtoto wa Kenya anaweza kuanza bila kuomba mtu yeyote kitu. Barabara ni bure. Kilima ni bure. Viatu unaweza kukosa na bado ukakimbia. Bwawa huwezi kukosa na bado ukaogelea. Tulichukua mchezo ambao hautudai chochote, tukauita damu yetu. Sasa tukikosa kila kitu kingine tunasema "hiyo si yetu". Hayo si maumbile. Huko ni kunyimwa, halafu kunyimwa kukapewa jina la utamaduni.

Ushahidi uko. Julius Yego alianza kujifunza kurusha mkuki kwa kutazama YouTube, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015. Sisi tukafanya nini? Tukampa jina la utani, tukacheka, tukasonga. Wangapi waliuliza mbona kijana mwenye kipaji kile alilazimika kufundishwa na intaneti?

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alijifunza baiskeli ya mlimani kwenye vumbi la huku kwetu, upande wa Kikuyu, na David Kinjah. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza, kisha akashinda Tour de France mara nne. Njia ni zilezile, kocha ni yuleyule, vumbi ni lilelile. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na pasipoti nyingine ya kumfungulia mlango. Vijana wengine waliopita kwa mikono ya Kinjah hawakuwa nayo.

Wengine wananiambia hii ni michezo ya wazungu wenye pesa. Kwa bei ya vifaa, ni kweli. Baiskeli ya mlimani ya kushindana unaweza kuiuza ukanunua bodaboda na chenji ibaki. Lakini ati baiskeli si yetu? Hata hilo jina bodaboda lilianza na baiskeli, pale mpakani Busia, watu wakibebwa na mizigo yao kwenye njia za vumbi kuvuka border. Mzee aliyebeba gunia na abiria kwa hiyo njia angewashangaza wengi niliowaona Afrika Kusini. Marehemu Sule Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 kwenye mashindano ya baiskeli kule Vermont, Marekani, alikuwa akipigania jambo hilohilo: waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate nafasi ya kushindana na walio bora duniani. Nafasi, si huruma.

Na usiniambie ati sisi ni nchi ndogo. Flora Duffy anatoka Bermuda, kisiwa ambacho watu wake wote hawafiki 70,000. Kuna wadi za Nairobi zina watu zaidi. Huyo dada amekuwa bingwa wa dunia wa XTERRA mara kadhaa, halafu kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, akashinda triathloni na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Sisi tuna bahari, tuna Ziwa Victoria, tuna milima, na bado tuna mamilioni ya watoto ambao maji yakifika kifuani wanaanza kuomba Mungu.

Najua komenti inayokuja: "Watu hawana unga, wewe unalilia baiskeli?" Sawa, tuongee. Sijasema kila mtoto anunuliwe baiskeli ya carbon. Nasema kila mtoto afundishwe kuogelea, na hilo si anasa. Uliza mama yeyote wa Homa Bay ambaye mwanawe alitoka kuvua usiku hakurudi. Bwawa moja la umma linalofanya kazi kila mtaa mkubwa lingeokoa maisha kwanza, medali zije baadaye. Hata tukikosa medali, tutakuwa tumebaki na watoto.

Kuna pia ukuta ambao mbio haziurukii. Afrika Kusini nilienda kwa sababu Wakenya hatuhitaji viza huko kwa siku 90. Baada ya hapo nikataka kujaribu Molveno, Italia, mji ambao ulipokea mashindano ya dunia ya XTERRA yalipotoka Maui mwaka 2022. Nikalipa ada ya viza, yuro 90, ambazo hazirudishwi. Jibu likaja kwenye karatasi yenye kisanduku kimoja kimewekwa alama: hawaamini nitarudi nyumbani. Mimi, ambaye nimeazima hadi baiskeli na mwenyewe anaidai. Mtoto wa Ulaya anayetaka kuja kukimbia na Wakenya Iten anajaza fomu kwenye simu, anapanda ndege. Sisi tunaombwa tuthibitishe kwamba tunapenda kwetu.

Kwa hivyo nataka nini? Tatu tu. Walioko ofisini: fungueni mabwawa ya umma na muweke walimu, si kufuli. Klabu zenye baiskeli zimekaa stoo: azimeni vijana wa mitaani, hata kwa Jumamosi moja. Na nyinyi wasee wangu: kama hujui kuogelea, tafuta mtu akufundishe mwaka huu, halafu umfundishe mdogo wako. Msingoje gava.

Mimi narudi majini Jumapili. Lengo langu ni dakika 35. Nikifika, nitaweka video yote, hata ile sehemu ya kulia. Na mtu akiandika tena "si wewe ni Mkenya", nitamjibu: ndiyo, ndiyo maana nilianza kuogelea nikiwa na miaka 20.