Madini yanatoka, paneli zilizokufa zinabaki: Masisi na Walikale si jalala

Vijana wenzetu, ndugu na dada wa Goma, Bukavu, Butembo na popote mlipo,

Kuna jambo linalokua kimya kimya Masisi na Walikale, na tumeona tulisemee leo, kabla halijawa msiba. Katika vijiji vingi kule hakuna waya wa umeme. Mwenye kuchaji telefone, muuguzi anayezalisha mama usiku, duka, kanisa: wote wanaishi na jua. Na siye tunaunga mkono jua. Lakini tunauliza: paneli na batri zikikufa, nani anazibeba?

Kwa sasa, hakuna.

Tusitishane bure. Paneli nzuri inaweza kufanya kazi miaka 25 na zaidi. Ile ya bei ya chini ya sokoni inakufa mapema, na mara nyingi hata haijakufa: batri njo imechoka, ao waya umelegea. Fundi akiipima, bado inaweza kuchaji telefone miaka mingine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutengeneza, kisha kutupa.

Ikikufa kabisa, karibu robo tatu ya uzito wake ni kioo. Kuna fremu ya alumini, plastiki, silikoni, shaba kidogo na fedha kidogo sana. Mnunuzi wa chuma chakavu anang'oa alumini na waya, kioo kinabaki nyuma ya nyumba. Hakimlipi safari ya mpaka Goma.

Hatari kubwa iko kwenye batri, ile nzito ya asidi. Inachoka kisha miaka michache tu, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Mtu anaipasua, anamwaga asidi chini, anayeyusha risasi juu ya makaa, na moshi unaingia ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo wa mtoto, na ubongo ulioharibika haurudi. Risasi ya bunduki tunaikimbia. Hii ya batri watoto wetu wanaichezea.

Tunajua mtasema: watu wanakimbia vita, wanalala njaa, na ninyi mnaleta habari ya batri za zamani? Ndiyo, tunaileta. Mkimbizi naye anatumia taa ya jua. Vita itaisha siku moja, lakini risasi iliyoingia kwenye udongo itabaki palepale na kusubiri wenye kurudi shambani.

Mifano ipo. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 sababu ya risasi ya batri zilizokuwa zinavunjwa mtaani. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha batri kilitia sumu wakaaji. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi pale, alisimama na majirani zake. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Ni miaka mingi ya kupigania kitu ambacho kingezuiliwa mapema. Sisi bado tuko mapema.

Na hapa tunafika kwenye jambo linalotuuma. Walikale iko na Bisie, mgodi unaotoa karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Hatusemi bati la kuezeka nyumba: ni ile metali ya kulehemu, inayounganisha vipande ndani ya telefone, redio, na paneli za jua. Masisi iko na koltani ya Rubaya. Mwezi wa 3 mwaka 2025, vita ilipofika Walikale-centre na mgodi wa Bisie ukasimama, bei ya bati ilipanda kwenye soko la London. Bati yetu ikikosa kutoka, dunia nzima inajua. Paneli ikikosa kuondoka, hakuna anayeuliza. Juu ya nini njia ya kutoa utajiri iko, na njia ya kutoa uchafu haiko?

Kule Ulaya, tangu sheria ya 2012, mwenye kuleta paneli sokoni analazimika kuhakikisha zinakusanywa zikichoka. Haki hiyo haina rangi wala mpaka.

Hata sheria zetu zipo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira salama, na cha 54 kinasema uchafuzi unaoletwa na shughuli ya uchumi unadai fidia. Sheria ya mazingira ni ya tarehe 9 Julai 2011. Kinachokosekana ni mtu wa kuitekeleza.

Kwa hiyo tunadai:

1. Mashirika na miradi inayoweka paneli kwenye vituo vya afya na masomo: bajeti ya kubadilisha batri na kuondoa zile za zamani iandikwe siku ya kwanza. Picha ya uzinduzi haitoshi.

2. Wauzaji wakubwa wa Goma, Bukavu na Butembo: anayeleta batri ya zamani apunguziwe bei ya mpya. Gari iliyoleta mpya irudi na ya zamani, nzima, haijapasuliwa.

3. Kampuni za madini: sheria ya madini ya 2018 inazitaka kutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Wakaaji wa Walikale, dai kwenye mkataba wa majukumu gala la kukusanyia batri na paneli, na usafiri wa kuzitoa.

4. Serikali ya Kinshasa: itoe kanuni ya kumlazimisha anayeingiza paneli na batri azirudishe zikichoka.

5. Wenye kushika maeneo kwa bunduki: wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionyesha kwamba M23 ilikuwa inakusanya dola 800,000 hivi kila mwezi kwenye koltani ya Rubaya. Anayekula kodi ya raia asiseme sumu ya pale haimuhusu. Na tunarudia: raia wanataka amani, hawahitaji mtoza kodi mwingine.

Na siye vijana tuko na kazi yetu. Usipasue batri. Usichome waya ndani ya parsele. Batri iliyokufa iwekwe wima, mahali pakavu, mbali na watoto na kisima. Mwambie fundi wa mtaa wako, mwambie mama anayepikia karibu naye. Kila kikundi kihesabu batri na paneli zilizokufa katika mtaa wake, kiandike, kipeleke hesabu kwa chef wa mtaa na kwa kituo cha afya. Tukiwa na hesabu mkononi, hakuna atakayetuambia tatizo haliko.

Waliobeba madini yetu walijua njia ya kufika Walikale. Wajue pia njia ya kurudi kuchukua kilicho chao.