Mara ya Pili Si Bahati Mbaya

Mchezaji akiteguka enka mara ya kwanza, laumu kiwanja, laumu beki aliyechelewa kuufikia mpira, laumu hata mvua. Akiteguka enka ileile siku tisa baadaye, muulizie mtu aliyempanga. Ndicho ninachotaka kusema, na nitakisema kwa kirefu, kwa sababu kwenye mpira wa vyuo huku kwetu Mwanza jambo hili limezoeleka kiasi kwamba anayelihoji huambiwa hajui mpira.

Kila timu ya chuo ina namba kumi wake. Simsemi kila anayevaa jezi hiyo. Namsema yule ambaye timu nzima inapita miguuni mwake. Kona anapiga yeye, faulo yeye, penalti yeye. Kipa akidaka mpira, kabla hajautupa, macho yake yanamtafuta yeye. Ukimuuliza kocha anatumia mfumo gani atakutajia tarakimu, 4-2-3-1, lakini mfumo wenyewe ni mmoja tu: mpe fulani mpira. Inapendeza sana kutazama, mpaka siku fulani anapokanyaga shimo.

Na mashimo yapo. Huu ni mji wa mawe, na viwanja vyetu vingi vya mazoezi ni udongo uliobanwa na kokoto, nyasi zikiwa kwenye pembe tu. Masika ng'ombe hukatiza uwanjani wakati ardhi ni tope, kwato zinazama. Kiangazi kikiingia, alama zile hukauka zikawa vikombe vigumu kama saruji. Mchezaji anakimbia macho yakiwa kwenye mpira, mguu unatua nusu ndani ya kikombe na nusu nje, wayo unageukia ndani, na uzito wote wa mwili unaangukia upande wa nje wa enka. Pale pana kano, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Zinavutika, au zinachanika, au zinakatika kabisa.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu, ingawa toroli moja la udongo na koleo lingefukia vikombe vile kwa asubuhi moja. Ugomvi wangu unaanza dakika kumi zinazofuata.

Nani anamfuata aliyeanguka? Mara nyingi ni mchezaji wa akiba aliyebeba begi lenye chupa ya maji na kopo la dawa ya kupulizia. Anapuliza, ngozi inapoa, maumivu yanalala. Anaambiwa, "Nyanyuka, tembea, ni mshtuko tu." Anachechemea, mashabiki wanapiga makofi, mechi inaendelea. Jioni anapelekwa kwa mchuaji, ambaye anakamata mguu uliovimba, anaukanda kwa maji ya moto na kuuvuta "urudi." Kano iliyochanika muda si mrefu, yenye damu inayovuja ndani, inasuguliwa kwa nguvu za mikono miwili. Asubuhi enka ina ukubwa wa embe. Hapo wapo watakaosema wapinzani wameufanyia mguu mambo ya nje ya uwanja. Maelezo hayo yanawafaa wengi, maana mguu ukirogwa hakuna kiongozi wa timu atakayeulizwa kitu.

Wakati huohuo kuna ujuzi ambao hauhitaji hata senti. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Canada, walichapisha kanuni fupi ya kuamua nani aliyeumia enka anahitaji eksirei. Bonyeza ncha na ukingo wa nyuma wa mifupa miwili inayochomoza pande za enka. Mfupa wenyewe ukiuma, mpeleke. Mwambie atembee hatua nne. Akishindwa pale alipoumia, na akashindwa tena akifika hospitali, apigwe picha. Kanuni ina kipengele kingine cha mifupa ya wayo, lakini kiini chake kinafundishika kwa nahodha yeyote kwa dakika tano. Na hospitali haziko mbali. Sekou Toure ipo mjini, Bugando ipo juu ya kilima inaonekana. Wanafunzi wengi wana kadi za bima ya afya. Hatua nne tu, msomaji. Badala yake tunahesabu siku zilizobaki kabla ya nusu fainali.

Nilipanga nyumba moja, nje ya chuo, na namba kumi mmoja. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, mimi nikianza uzamili wangu wa uchumi. Aliteguka kwenye robo fainali. Nusu fainali ilikuwa siku tisa mbele. Siku ya nne bado alikuwa anaruka kwa mguu mmoja kwenda kuchota maji. Siku ya saba kocha alikuja mwenyewe hadi uani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamwambia hamlazimishi, ila ajue chuo kizima kinamwangalia. Alipoondoka nilimuuliza huyu jirani yangu kama anaweza kukimbia. Akajibu, "Dada, nikikaa nje watasema nimeogopa."

Alicheza. Bendeji mbili, vidonge vya diklofenaki, soksi imevutwa juu ili wapinzani wasione. Alidumu dakika thelathini na moja. Hakuguswa na mtu. Aligeuka tu kufuata mpira, enka ikakataa. Safari hii hakuweza hata kuchechemea.

Watu huita hayo moyo wa chuma. Mimi nasoma uchumi, kwa hiyo naomba tuliite kwa hesabu. Timu ikishinda, kocha anapata jina, ofisi ya michezo inapata picha na kombe, mashabiki wanapata usiku wa kuimba. Enka ikiharibika, gharama yote iko kwenye mguu mmoja wa kijana asiyelipwa hata nauli. Mchezaji wa kulipwa akiumia ana mkataba, daktari wa klabu na mshahara wa kusubiria. Huyu wetu alikuwa na mazoezi ya kufundisha yaliyoanza mwezi uliofuata. Alifundisha dakika themanini kwa wakati akiwa ameegemea meza, wanafunzi wakimwita "mwalimu wa mguu mmoja." Anayeamua acheze halipi chochote, na anayelipa ana miaka ishirini na mmoja na jina lake linaimbwa. Msiniambie alikubali mwenyewe. Ridhaa inayoombwa kwa namna ile si ridhaa.

Mwili nao una hesabu zake. Ndani ya kano kuna vipokezi vya neva vinavyoujulisha ubongo mguu uko wapi na umeinama kiasi gani. Kano ikichanika, taarifa ile inachelewa. Ndiyo maana aliyewahi kuteguka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena, na ndiyo maana maumivu kupungua si ushahidi kwamba mguu umepona. Jeraha dogo laweza kupoa kwa wiki moja au mbili, la kati linataka wiki kadhaa, kano ikikatika ni miezi. Dawa ya maumivu haifupishi muda huo, inazima kengele tu.

Anayedhani haya ni matatizo ya viwanja vya kokoto amkumbuke Marco van Basten. Aliumia enka Desemba 1986 akiwa Ajax, akaendelea kucheza, na Mei 1987 akafunga bao pekee la fainali ya Kombe la Washindi Ulaya kule Athens. Alishinda tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya mara tatu. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Ulaya ya Mei 1993, akiwa na miaka 28. Baada ya hapo ni enka na upasuaji, hadi alipotangaza kustaafu mwaka 1995. Kama mtu aliyezungukwa na madaktari wa Milan hakuokoka, kijana mwenye bendeji mbili na soksi ndefu anategemea nini?

Sasa tumgeukie yule ambaye hakuna anayemkumbuka, namba kumi wa pili. Naamini enka ya wa kwanza inaharibikia hapa, muda mrefu kabla ya shimo la kwato. Kwenye kikosi kile alikuwepo kijana wa mwaka wa kwanza, mguu wa kushoto mtamu, aliyekuwa akiwachezesha wenzake wa hosteli mpaka watu wanacheka kwa raha. Msimu mzima alikaa benchi. Timu ikiongoza mabao matatu, namba kumi wa kwanza alibaki uwanjani ili afunge la nne. Mechi za kirafiki za Jumatano, zisizo na pointi wala kombe, alicheza yuleyule. Mazoezini kijana alipewa jezi ya upande wa pili na kazi ya kukaba. Tangu 2022 sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuweka hadi mabadiliko matano, na kocha wetu aliyatumia kama mtu anayekopa kwa riba.

Kisha dakika ya thelathini na moja ya nusu fainali, mbele ya watu mia kadhaa, akaambiwa avue bukta ya mazoezi aingie. Hakuwa amepasha hata misuli. Mabeki hawakujua anapenda mpira wa miguuni au wa mbele. Winga alikimbilia mahali ambapo yule wa kwanza angempasia, huyu akapasia kwingine. Tulifungwa mbili bila. Njiani kurudi, kwenye daladala, kilichosemwa ni kwamba "dogo hana uzoefu." Kweli hana. Angeutoa wapi?

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi aliyesema hivyo alikuwa na koleo la pili ukutani. Timu isiyomwandaa namba kumi wa pili imeshaamua, bila kutamka, kwamba wa kwanza atacheza akiwa mgonjwa. Siku ya nusu fainali kocha anaona kama hana chaguo, na ni kweli hana, kwa sababu alilitumia chaguo lake kidogo kidogo kila Jumatano.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba mpira ni mchezo wa maumivu, asiyetaka acheze bao. Sawa, mpira una maumivu. Hilo halifanyi kila maumivu kuwa wajibu. La pili ni kwamba hatuna pesa, sisi si Ulaya. Jibu hili ndilo linaloniudhi zaidi, hasa likisemwa Mwanza. Mji huu unajua barafu. Nenda Mwaloni, Kirumba, mwendo mfupi kutoka uwanja wa CCM, uone samaki walivyotunzwa. Sangara wa ziwa hili wanafika Ulaya wakiwa hawajaharibika. Tunajua kumpoza samaki asafiri bara zima, halafu enka ya mwanafunzi inakandwa kwa maji ya moto saa mbili baada ya kuchanika. Barafu haiungi kano, sitadanganya, lakini hupunguza maumivu, na ndoo moja ya barafu ni bei ya soda chache.

Kinga nayo haidai pesa. Mwaka 2006 FIFA iliandaa mpango wa kupasha misuli uitwao FIFA 11+, wa dakika kama ishirini, usiohitaji zaidi ya mpira na koni. Ndani yake kuna kukimbia, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, zoezi linaloufundisha mwili upya kujua mguu uko wapi. Ulipojaribiwa kwa timu za vijana Lagos, majeraha yalipungua kwa takribani asilimia 40, kwa utafiti uliochapishwa 2014. Ulipojaribiwa kwa timu za wanaume za vyuo vya Marekani, yalipungua karibu nusu. Lagos si Ulaya. Vyuo ni vyuo. Sisi bado tunapasha misuli kwa mizunguko miwili ya uwanja na mashuti ya kumchosha kipa.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, kwa vyuo vya kanda hii na kwa TUSA inayosimamia michezo ya vyuo vikuu. Uamuzi wa nani arudi uwanjani usiwe wa kocha wala wa mchezaji. Uwe wa muuguzi au tabibu wa zahanati ya chuo, mtu ambaye hapotezi kitu timu ikifungwa, na neno lake liandikwe kwenye kanuni za mashindano. Jaribio liwe la wazi: aruke kwa mguu ulioumia, akimbie akikata kona kushoto na kulia, bila maumivu na bila dawa. Akishindwa, jina lake lisiingie kwenye karatasi ya mwamuzi. Nahodha wa kila timu ajue hatua nne. Mashimo yafukiwe kabla ya ligi. Na kila timu impe namba kumi wake wa pili nusu saa kila wiki, mechi ya kirafiki au ya pointi.

Kwa mashabiki nina ombi dogo. Mtakapomwona anachechemea kuingia uwanjani na bendeji yake, msipige makofi. Kaeni kimya, kisha mtazame benchi, mwulize kocha kwa sauti ni nani aliyekaa pale na kwa nini hamjui jina lake.