Tovuti ya Lugha Nyingi na Mtihani wa Ngeli

Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi kando ya Kiingereza. Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Maamuzi hayo yamezaa swali la kiutendaji: maandishi ya lugha kadhaa yahifadhiwe vipi mtandaoni, na nani atayatunza?

Njia zinazoshindanishwa ni mbili. Ya kwanza ni mfumo wa kusimamia maudhui, kama Drupal au WordPress: maandishi hukaa katika hifadhidata, mfasiri huingia kwa nywila, huandika, na ukurasa husomeka papo hapo. Ya pili ni programu za kuzalisha kurasa tuli, kama Hugo na Jekyll, ambazo hugeuza mafaili ya maandishi kuwa kurasa kamili kabla msomaji hajafika. Kurasa tuli hazina hifadhidata ya kuvamiwa, na humfikia upesi anayesoma kwa simu yenye bando dogo. Drupal, tangu toleo la 8 la mwaka 2015, hubeba lugha nyingi katika kiini chake, na Hugo vivyo hivyo. WordPress na Jekyll huhitaji nyongeza.

Kwa Kiswahili, hata hivyo, mtihani mkubwa ni ngeli. Violezo vingi vimejengwa juu ya Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hutosha kwa kila nomino. Kiswahili hakikubali: ukurasa umefutwa, picha imefutwa, kitabu kimefutwa, maoni yamefutwa. Programu ikiunganisha jina la kitu na kitenzi kilichotafsiriwa mara moja, msomaji hukuta “kitabu imefutwa”. Kanuni za idadi za Unicode hukipa Kiswahili makundi mawili tu, umoja na wingi, nazo haziponyi kosa hilo. Katika kurasa tuli violezo vimo mikononi mwa mwenye tovuti, hivyo sentensi nzima yaweza kuandikwa kwa kila ngeli. Katika mfumo wa maudhui tafsiri hurekebishika, ila muundo wa kuunganisha haubadiliki pasipo kugusa msimbo.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwalimu aliyegundua kosa la tahajia hana sababu ya kujifunza Git. Masahihisho yakipitia kwa fundi mmoja, naye akaondoka, tovuti hubaki hewani na makosa yake yote. (Mfumo wa maudhui ulioachwa bila masasisho, nao, hungoja wadukuzi.)

Kwa kamusi au istilahi, ambazo maingizo yake hubadilika kwa nadra na kusomwa kwa miaka, kurasa tuli zafaa zaidi, mradi wahariri wawekewe fomu nyepesi ya kuandikia. Kwa taasisi inayotoa taarifa kila siku kwa lugha tatu, Drupal yastahili gharama yake. Katika njia zote mbili msimbo wa lugha ni sw. Ke na tz ni misimbo ya nchi, na anayetaka kutenga matumizi ya Tanzania na ya Kongo huandika sw-TZ na sw-CD.