Asidi ya Yuriki, Jongo na Moyo

Wako watu ambao, baada ya kupimwa damu na kuambiwa kwamba asidi ya yuriki imezidi, hurejea nyumbani na hofu kuwa moyo umekwisha kuharibika. Baadhi yao hutafuta dawa ya kuipunguza, ingawa hawaumwi popote. Kwa maoni yangu, hofu hiyo imeutangulia ushahidi.

Kuhusu jongo hakuna shaka. Asidi hii ni taka itokanayo na purini, zilizomo katika chembe hai zote na kwa wingi katika vyakula kama maini, figo na dagaa. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja. Binadamu hana, naye huzitegemea zaidi figo zake kuitoa. Ikizidi miligramu 6.8 hivi kwa desilita moja ya damu, yaweza kufanya fuwele zenye ncha kama sindano ndani ya viungo, hasa katika kidole gumba cha mguu, hata mgonjwa asistahimili uzito wa shuka. Tabibu Mwingereza, Alfred Garrod, alionyesha mwaka 1848 kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi hiyo kupita kiasi. Walakini, wengi wenye kiwango kikubwa hawapatwi na jongo kamwe.

Habari ya moyo ni nyingine. Ni kweli kwamba wenye asidi nyingi huugua moyo zaidi. Lakini watu hao hao mara nyingi wana shinikizo kubwa la damu, unene, kisukari au figo dhaifu. Nani basi mwenye hatia? Kuhesabu wagonjwa hakutoshi; hapana budi kufanya jaribio. Huko Uingereza, wagonjwa wa moyo 5,721 wenye umri wa miaka 60 au zaidi, wasio na jongo, waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliongezewa alopurinoli, dawa ipunguzayo asidi hiyo; la pili liliendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Baada ya karibu miaka mitano, waliopatwa na shambulio la moyo, kiharusi, au kifo cha maradhi ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 11.0 katika kundi la kwanza, na 11.3 katika la pili. Tofauti hiyo haiwezi kuitwa nafuu.

Mgonjwa wa jongo aliyepewa alopurinoli na daktari wake asiiache kwa sababu ya maneno haya. Kwake ina kazi. Tena apimwe shinikizo la damu, sukari na figo, maana maradhi haya huandamana.

Ningependa walimu wa baiolojia waziandike tarakimu hizi ubaoni bila kutaja hitimisho, kisha wawaulize wanafunzi: kundi la pili lilihitajika kwa nini?