FUNDI WA NYUMBANI: Ombwe likitoroka, breki hulemea

Barabara Kuu ya Taifa Namba 1 itokayo Bujumbura hupanda hadi Bugarama, juu ya mgongo wa milima ugawanyao maji ya Kongo na maji ya Nile. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000. Tofauti hiyo yote huteremkwa katika mwendo wa kilomita 35 hivi, kona baada ya kona. Ndiyo njia aipitayo askari arudiye likizoni kutoka Gitega au Kayanza, mke na watoto wakiwa nyuma, na mizigo ikiwa juu ya gari.

Petroli inapoadimika, kama ilivyoadimika nchini Burundi mwaka 2022 na miaka iliyofuata, dereva hushawishika kuzima injini akiisha kufika kileleni, ili gari liteleze lenyewe hadi mjini. Hudhani ameokoa mafuta. Kumbe amemfukuza kazi mtumishi ambaye hamwoni, naye ndiye aliyekuwa akimsaidia kukanyaga breki.

NGUVU HIYO YATOKA WAPI?

Mtumishi huyo ni ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu. Injini ya petroli inapounguruma polepole huvuta hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa, na kwa hiyo ndani ya bomba la kuingizia hewa hubaki upungufu wa hewa. Bomba la mpira huunganisha mahali hapo na chombo cha duara, mfano wa sufuria mbili zilizofunikizwa, kilichofungwa nyuma ya silinda kuu ya breki. Hicho ndicho busta. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Mguu unapokanyaga, hewa ya nje huruhusiwa kuingia upande mmoja wa kiwambo, nao upande wa pili una ombwe. Basi hewa hukisukuma kiwambo, na nguvu ya mguu huongezeka mara kadhaa.

Watengenezaji wa magari wamelitumia ombwe kwa kazi nyingine pia. Lotus Elan ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1962, na Chevrolet Corvette ya Marekani ya miaka ya 1968 hadi 1982, zilikuwa na taa za mbele zilizojificha na kuinuka kwa ombwe. Bomba moja likipasuka, taa moja huinuka na nyingine husinzia, na wapita njia hucheka. Ugonjwa huo huo katika breki hauchekeshi mtu.

Yafaa ieleweke pia kwamba ombwe hupungua kadiri gari lipandavyo. Injini nzima iliyo pwani huonyesha kipimo cha milimita 430 hadi 530 za zebaki inapounguruma bila mzigo. Kwa kila mita 300 za kupanda, hupotea milimita 25 hivi. Kwa hiyo fundi wa Buyenzi akiona milimita 400 asikimbilie kuilaumu injini; na dereva aliyefika Bugarama ajue kwamba akiba yake ni ndogo kuliko ile aliyoondoka nayo ziwani.

MAJARIBIO MATATU

Majaribio haya hayahitaji chombo chochote, na mume na mke waweza kuyafanya uani asubuhi moja. Gari lisimame pahali tambarare na penye hewa, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiliwe kwa mawe, gia iwe huru, na watoto wakae mbali na feni.

La kwanza: injini ikiwa imezimwa, pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Kisha ishikiliwe chini na injini iwashwe. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama hata kidogo, ombwe halifiki au kiwambo kimechanika.

La pili: injini iachwe ingurume dakika moja au mbili, kisha izimwe. Pedali ikanyagwe taratibu mara tatu. Mara ya kwanza yapasa iende chini zaidi. Mara ya pili na ya tatu isimame juu zaidi. Ikiwa ni ngumu tangu mara ya kwanza, ombwe halikuhifadhiwa, na aghalabu kosa ni la valvu ya njia moja iliyo katika bomba.

La tatu: injini ikiwaka, pedali ikanyagwe na kushikiliwa, kisha injini izimwe. Kwa nusu dakika pedali isisogee. Ikiusukuma mguu juu, pana mvujo.

KUSAKA MVUJO

Mmoja akae kwenye pedali na mwingine asikilize. Mlio wa "sssss" usiokoma chini ya usukani wakati pedali imekanyagwa, pamoja na injini kubadili mngurumo, huonyesha kiwambo au muhuri wa busta umekwisha. Mlio ukisikika upande wa injini, bomba la mpira lichunguzwe kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa penye vibanio na pale linapokaribia joto. Maji kidogo ya sabuni yakipakwa penye ufa hufyonzwa ndani. Petroli isitumiwe kamwe kwa kazi hiyo. Penye injini ya moto ni kualika ajali.

Valvu ya njia moja hupimwa kwa mdomo baada ya kutolewa na kupanguswa: hewa ipite kuelekea injini, isipite kuelekea busta. Ikipita pande zote mbili, au isipopita kabisa, ibadilishwe.

Kosa moja hufanywa na wengi wenye haraka, nalo ni kuliziba pengo kwa kipande cha bomba la maji la kawaida. Bomba hilo likipata joto huvutwa ndani na kujikunja, nalo hufunga njia saa ile ile breki inapotakiwa. Bomba la ombwe lina ukuta mnene, na ndilo la kununuliwa.

Ikiwa mafuta ya breki hupungua na hakuna gurudumu lililolowa, huenda silinda kuu yamwaga ndani ya busta. Gari hilo lisiende safari hadi limetengenezwa.

MAGARI YA DIZELI

Injini nyingi za dizeli hazitengenezi ombwe la kutosha zenyewe, kwa hiyo huwekewa pampu. Katika Toyota Land Cruiser na Hilux nyingi za dizeli, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta na hulainishwa kwa oili ya injini. Bomba la oili likipasuka, pampu hufa, na oili yote yaweza kumwagika na injini nayo ikafa. Breki ikilemea katika gari la namna hiyo, kipimo cha oili kitazamwe kabla ya jambo lolote. Malori makubwa ni habari nyingine: breki zao hutumia hewa iliyoshindiliwa, na majaribio haya hayawahusu.

MTEREMKONI

Injini ikizimwa, busta huwa na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu tu. Bugarama ina kona nyingi kuliko hizo. Baada ya hapo mguu hubaki peke yake, usukani wenye msaada huwa mzito, na ufunguo ukitolewa usukani waweza kujifunga.

Wala akiba ya mafuta anayoitafuta dereva haipo. Magari mengi yenye sindano za mafuta zinazoongozwa kwa umeme hukata mafuta yenyewe pale gari linaposhuka katika gia na mguu umeondoka kwenye pedali ya mafuta. Tena, kwa injini ya petroli, hapo ndipo ombwe huwa kubwa kabisa, na injini yenyewe hulizuia gari, hata breki zisiungue.

Basi injini iwake, gia iwe ya pili au ya tatu tangu kileleni, na breki ikanyagwe kwa vipindi, isishikiliwe muda wote. Na pedali ikilemea ghafula, dereva asiikanyage na kuiachia ovyo, kwani kila kuachia hupunguza akiba. Aikanyage kwa nguvu zake zote mara moja, ashushe gia, aisaidie kwa breki ya mkono pole pole, na alisimamishe gari upande wa mlima. Safari iendelee baada ya mvujo kupatikana.