Marubani wa Kukodi

Tarehe 7 Februari mwaka 1965 wapiganaji wa ukombozi waliishambulia kambi ya Wamarekani ya Pleiku, katika nyanda za juu za Vietnam. Siku ile ile ndege za Marekani zikavuka kwenda kuitupia mabomu Vietnam ya Kaskazini. Miaka arobaini na mitano ilipopita, marubani wa Kimarekani walikuwa wakifanya kazi tena katika anga hilo hilo. Lakini safari hii nyuma yao waliketi wafanyabiashara, wanafunzi na akina mama wa Kivietnam wenye vikapu vyao, na mshahara wao ulitoka katika kampuni ya Kivietnam.

Wako watakaocheka na kusema kwamba dunia imepinduka. Sisi twaona kwamba jambo hili lataka fikira zaidi ya kicheko.

Kampuni yenyewe iliitwa Air Mekong. Ilikuwa kampuni ya watu binafsi, nayo ilianza safari mwezi wa Oktoba, 2010, kwa ndege nne za jeti aina ya CRJ900, zenye viti karibu 90 kila moja. Ndege hizo zilikodiwa kutoka kwa SkyWest, kampuni ya jimbo la Utah, Marekani, ambayo pia ilinunua hisa 30 katika kila mia za Air Mekong. Basi fedha na ndege ziliingia kwa mlango mmoja, na ujuzi nao ukafuata. Haikuwa ajabu, kwa maana hati ya rubani hutaja aina ya ndege anayoruhusiwa kuirusha. Mvietnam aliyezoea Airbus hawezi kuamka asubuhi akashika usukani wa ndege nyingine. Yampasa kwanza afunzwe na kupimwa. Mwenye ndege hangoji. Gharama ya kukodi humwendea ndege ikiruka au isiruke, na hivyo humtafuta aliye tayari.

Na Mmarekani, alitafuta nini mbali hivyo na kwao? Ni rahisi kusema tamaa. Lakini tazameni yaliyowapata wafanyakazi wa anga wa nchi ile. Baada ya Septemba 2001 maelfu waliachishwa kazi, na makampuni makubwa yakafilisika moja baada ya jingine. Mwaka 2005 United Airlines ilijivua mzigo wa mafao ya uzeeni ya wafanyakazi wake kwa idhini ya mahakama, na watu waliotumika miaka thelathini wakaona akiba yao imepunguzwa. Katika makampuni madogo rubani msaidizi anayeanza alilipwa mshahara usiofika dola 25,000 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, huko Marekani nafasi ya rubani hufuata tarehe aliyoandikishwa katika kampuni yake. Akihama, hata awe na mvi na saa elfu kumi na tano za angani, huanza upya mkiani pamoja na vijana. Mtu wa umri wa miaka hamsini, ambaye kampuni yake imekufa, alikuwa na njia mbili: kuwa mwanagenzi nyumbani, au kuwa rubani mkuu ugenini.

Alichagua ugeni, na ugeni una bei yake. Mkataba wa kazi za namna hiyo mara nyingi hupitia kwa wakala, na muda wake ni mfupi. Chama chake cha wafanyakazi kimebaki ng'ambo ya bahari. Mshahara ukichelewa, hana wa kumsemea.

Kando yake, katika kiti cha kulia, huketi Mvietnam. Mawingu ni yale yale na hatari ni ile ile, lakini malipo si sawa. Mwanzoni mwa mwaka 2015 marubani wengi wa Vietnam Airlines walitoa taarifa za ugonjwa kwa pamoja, huku wengine wakitaka kuhamia kwenye mshahara mzuri zaidi. Serikali ikajibu kwa kuagiza kwamba rubani atakaye kuacha kazi atoe taarifa siku 120 kabla. Twafahamu hofu ya serikali, maana rubani hapatikani sokoni kama mchele. Hata hivyo, kumfunga mlango mtu anayelalamikia malipo si kumlipa.

Air Mekong haikudumu. Mwezi wa Desemba 2011 VietJet iliingia na ndege za Airbus A320 zenye viti 180. Hesabu yake aijua hata karani wa duka: marubani ni wawili huku na wawili kule, lakini abiria wa kugawana gharama ni mara mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Air Mekong ikaacha kuruka. Ndege zilikuwa mali ya wengine, na marubani wa mkataba wakatafuta kwingine. Hadithi ikarudiwa na Bamboo Airways, iliyoanza Januari 2019 kwa kishindo. Mwenyekiti wake alikamatwa Machi 2022 kwa tuhuma za kuchezea bei za hisa, na mwaka 2023 ndege zake kubwa za Boeing 787 zikarudishwa kwa wenyewe.

Vietnam haikulala. Mwaka 2018 VietJet na Airbus zilifungua mjini Ho Chi Minh chuo chenye mashine ya kufundishia marubani bila kupaa. Lakini mashine haitoi rubani mkuu. Huyo hupatikana kwa maelfu ya saa, akiketi kando ya mwenye kujua, awe mwenyeji au Mmarekani wa mkataba. Kwa hiyo kampuni mpya ikitangaza tena ndege ilizoagiza, wafanyakazi wa Vietnam wana haki ya kuuliza ni viti vingapi vya kulia vitakaliwa na vijana wao, na baada ya miaka mingapi watahamia kile cha kushoto.